Kaktasi ya Krismasi Iliyochanua Agosti

Mama alinipa ile kaktasi mwaka 2019, siku niliyohamia Zimmerman. Ilikuwa ndani ya mkebe wa zamani wa Kimbo uliotobolewa matundu kwa msumari, vipingili vyake vya kijani vikining'inia kando kama mikufu iliyokatika. Yeye alikuwa amestaafu na anarudi Makueni, na alisema jua la kule litaichoma. Hakuwa na maneno mengi zaidi ya hayo. "Usiiue," akaniambia, kisha akapanda gari.

Sikuiua. Lakini pia haikuchanua. 2019 ikapita. 2020 ikapita tukiwa tumefungiwa ndani, nikiitazama kila siku kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. 2021, 2022. Jamaa anayeuza miche kando ya barabara alikuwa ameniambia jina lake ni kaktasi ya Krismasi, basi kila Desemba nilikuwa naikagua asubuhi na jioni kama mtu anayengoja mshahara uliochelewa. Krismasi inakuja, Krismasi inaenda, mmea umenyamaza.

Juni 2023 landilodi akaamua kupaka ploti rangi. Keateka akatuambia tutoe vitu vyetu dirishani. Nikaichukua kaktasi nikaisukuma kwenye kona ya mwisho ya kibaraza, nyuma ya tangi la maji, halafu nikaisahau. Kweli kabisa, niliisahau. Julai ile ilikuwa na baridi ya kufanya mtu avae soksi kitandani. Mwisho wa Agosti nilienda nyuma ya tangi kutafuta kamba ya kuanikia nguo, nikakuta maua kumi na moja. Rangi ya waridi kali, kila moja likiwa limeinua shingo na kurudisha petali nyuma, kama kundi la ndege wadogo waliosimama kwenye waya wakiangalia upande mmoja.

Nikampigia Mama picha, nikamtumia. Akanijibu kwa sauti: "Kwani hukujua? Hiyo ni ya Agosti. Hata kule kwa mzungu ilikuwa ya Agosti."

Kule kwa mzungu gani?

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nitarudi kwa mzungu baadaye, kwa sababu Mama mwenyewe alichukua muda kunisimulia.

*

Kwanza tuondoe utata mmoja. Mimea mingi tunayoiita kaktasi hapa kwetu si kaktasi. Ile miti mikubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa unayoiona ukishuka Bonde la Ufa, na ule ua wa kariaria unaozunguka boma za watu, ni jamii nyingine kabisa, yufobia, ya hapa hapa Afrika. Ukiikata inatoa maziwa meupe yanayowasha macho vibaya. Kaktasi haina maziwa hayo. Alama yake ni kijidoa kidogo chenye manyoya, mahali ambapo miiba na maua hutokea. Ukiiangalia yangu karibu, vijidoa viko kwenye ncha na kando za kila kipingili. Miiba hakuna, lakini mahali pake papo, kama mtu aliyenyoa.

Na vipingili vyenyewe si majani. Ni shina. Mmea huu uliacha mambo ya majani zamani, ukalibapaza shina na kulipa kazi yote ya kupika chakula.

Kaktasi zote asili yake ni Amerika, isipokuwa moja. Kuna aina inayoitwa Rhipsalis baccifera, nyembamba kama tambi, inayoning'inia kutoka kwenye matawi ya miti msituni, na hiyo inapatikana Amerika, Afrika, Madagaska hadi Sri Lanka. Iko Kenya, iko Uganda, iko Tanzania. Wataalamu bado wanabishana ilivukaje Atlantiki. Wengine wanasema ni ndege, kwa sababu vitunda vyake vyeupe vina utomvu wa kunata. Wengine wanasema ni mabaharia. Mimi naipenda ile hadithi ya ndege, ila najua kupenda si ushahidi.

Zilizobaki zililetwa na watu, na si kila mara kwa heri. Mpungate ulipandwa Laikipia wakati wa ukoloni kama ua na pambo. Leo umekula malisho ya wafugaji, miiba yake midogo inaumiza midomo ya mbuzi na ng'ombe, na ndovu na nyani wanaokula matunda yake wanasambaza mbegu kila wanakopita. Australia waliumizwa vibaya zaidi. Meli za Waingereza za 1788 zilibeba mpungate kutoka Brazili kwa ajili ya mdudu anayeishi juu yake, yule anayetoa rangi nyekundu ya kutia kwenye makoti ya wanajeshi. Aina nyingine zikafuata, na kufikia miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umefunika ardhi ya zaidi ya hekta milioni 20. Walikombolewa na kiwavi wa nondo kutoka Amerika Kusini, na kule Boonarga, Queensland, watu wakajenga ukumbi wa kumbukumbu yake. Ukumbi wa kumkumbuka kiwavi! Sisi hatujamjengea hata siafu.

Kaktasi ya Mama haijawahi kumnyang'anya mtu malisho. Imekaa mkebeni. Lakini nayo ilibebwa, na na watu wale wale.

*

Nje ya mji wa Rio de Janeiro kuna milima inayoitwa Serra dos Órgãos, Milima ya Vinanda, kwa sababu vilele vyake vimesimama wima kama mabomba ya kinanda cha kanisani. Huko ndiko kwao. Usifikirie jangwa. Fikiria msitu wenye ukungu, kuvu, magome ya miti yaliyolowa, na mmea wetu umejishikiza juu ya tawi au kwenye ufa wa jabali, ukila vumbi la majani yaliyooza na kunywa mvua inayopita. Maua yake huja kunyonywa na ndege wadogo wa Amerika wanaoelea hewani kama helikopta. Sisi tuna chozi, anayefanya kazi kama hiyo, na siku moja nilimwona mmoja amedandia reli ya kibaraza akichungulia mkebe wangu kwa mashaka.

Wabrazili hawaiiti kaktasi ya Krismasi. Wanaiita flor de maio, ua la Mei. Kule kusini mwa ikweta usiku huanza kuwa mrefu kuliko mchana mwishoni mwa Machi, baridi inaingia, na Mei mmea unachanua. Hilo ndilo jina lenye mantiki. Jina la Krismasi lilikuja baada ya mmea kuhamishwa.

Kufikia 1818 ulikuwa tayari unakuzwa Ulaya, na 1819 Mwingereza Adrian Haworth akauandika kitabuni kwa jina la Kilatini lenye neno truncatum, yaani uliokatwa, kwa kuwa vipingili vyake vinaishia ghafla kana kwamba mtu amepitisha kisu. Miaka hiyo bustani ya Kew, London, ilikuwa na wakusanyaji wake duniani kote. Wawili wao, Allan Cunningham na James Bowie, walikaa Brazili kati ya 1814 na 1816, wametumwa na Joseph Banks. Kazi ilikuwa kupanda mlima, kuchimba, kufunga, kutuma. Kila kilichofika salama kilipewa jina na kuwa mali.

Aliyenishika zaidi ni Mskoti mmoja, George Gardner. Alikuwa daktari kijana kutoka Glasgow, mwanafunzi wa William Hooker, na alifika Rio mwaka 1836 kwa pesa za wafadhili waliolipa kabla ili baadaye wagawiwe mimea. Mmoja wa wafadhili alikuwa Dyuki wa Bedford, wa ukoo wa Russell. Mwaka 1837 Gardner akapanda Milima ya Vinanda na kupata ndugu wa kaktasi yetu, mwenye maua yanayoning'inia chini. Hooker akaipa jina la russelliana. Mlima wa Brazili, mguu wa Mskoti, jina la tajiri ambaye hakutoka Uingereza kwenda kuuona.

Lakini tusimame hapa kidogo. Gardner alipokuwa mlimani alikaa kwenye shamba kubwa la mtu aliyeitwa March, mwenye asili ya Uingereza. Shamba hilo liliendeshwa kwa kazi ya watumwa. Brazili haikukomesha utumwa hadi 1888, ikiwa ya mwisho katika bara la Amerika. Na gati la Valongo kule Rio, lililojengwa 1811, ndilo ambalo UNESCO inakadiria lilipokea Waafrika 900,000. Wengi walitoka Angola na Kongo. Lakini maelfu walitoka upande wetu wa bara, Msumbiji, kupitia bandari kama Quelimane. Sababu moja ni ikweta. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa 1815 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kaskazini mwa mstari huo, basi wafanyabiashara wakageuza meli zaidi kusini na mashariki, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Bahari ya Hindi.

Mwaka 1831 Brazili ikatunga sheria ya kupiga marufuku kuingiza watumwa. Haikufuatwa. Mpaka leo Wabrazili wana msemo wa kitu kinachofanywa "kwa macho ya Mwingereza", yaani kwa kuonyesha tu, na inasemekana msemo huo ulizaliwa na sheria ile. Kwa hiyo wakati Gardner anafunga vipingili vyake mwaka 1837, watu walikuwa bado wanateremshwa pwani usiku, wengine wakizungumza lugha ambazo mtu wa Msumbiji wa leo angezielewa.

Nilisoma haya nikiwa nimekaa kitandani, mmea uko mezani, umechanua. Sikujua nifanye nini na habari hizo. Niliinuka nikaenda kupika ugali.

*

Sasa Krismasi. Kusini mwa London, mtaa wa Tooting, kulikuwa na nasari maarufu ya ukoo wa Rollisson. Mwishoni mwa miaka ya 1840 mfanyakazi wao aliyeitwa W. Buckley alichukua chavua ya kaktasi moja akaipaka kwenye nyingine, ile iliyokatwa ncha na ile ya Dyuki, akapata chotara. Chotara hilo ndilo kaktasi ya Krismasi halisi, na jina lake la kitaalamu ni buckleyi. Angalau mara moja jina lilimwendea mtu aliyechafua mikono.

London usiku wa Novemba na Desemba ni mrefu mno, na vibanda vya kioo vya wakati ule vilikuwa na baridi ya kutosha. Mmea ukachanua Desemba. Wakasema: ajabu, unajua sikukuu. Ukaingia kwenye sebule za akina mama wa Kiingereza, ukaning'inizwa dirishani, ukarithiwa na mabinti. Mfaransa Charles Lemaire akaja mwaka 1858 akaunda kundi jipya la kisayansi, akaliita Schlumbergera kumpa heshima Frédéric Schlumberger, aliyekuwa na mkusanyiko wa kaktasi kwenye jumba lake karibu na Rouen. Ndiyo maana leo jina kamili la ua la msitu wa Brazili ni jina la bwana mwenye jumba Ufaransa. Ukilitamka vizuri mara ya kwanza, nakupa soda.

Baadaye fasheni ilihama, halafu ikarudi karne ya 20 Wamarekani na Wadenmaki walipoanza kuzalisha rangi mpya. Ya manjano ilipatikana Florida miaka ya 1980 tu. Nimeiona ikiuzwa kwenye Ngong Road, na bei yake nilimwambia muuzaji nitarudi.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba hata jamaa wa miche alinidanganya bila kujua. Chotara la Buckley lina vipingili vyenye kingo za mawimbi laini. Vya kwangu vina meno, makali kama ya kaa. Chavua ya chotara ni ya zambarau kahawia, yangu ni ya njano. Yangu haikupita kwa Buckley. Ni ile ya kwanza, iliyokatwa ncha, ambayo Wamarekani huiuza Novemba kwa sikukuu yao ya Shukrani. Kwa hiyo miaka minne nilikuwa nadai zawadi ya Krismasi kutoka kwa mmea usio wa Krismasi.

*

Bado swali: kwa nini Agosti?

Jibu linaanzia kwenye tumbaku. Mwaka 1920 watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha matokeo ya kazi yao kuhusu tumbaku moja iliyokuwa inakua ndefu kupita kiasi na kukataa kuchanua majira ya joto. Walijaribu mambo mengi, mwisho wakaanza kuifungia kwenye kibanda chenye giza mapema jioni. Ikachanua. Mimea inahesabu urefu wa siku. Wengine wakaja kuonyesha kwamba kinachohesabiwa hasa ni usiku, na kwamba taa ikiwashwa hata kidogo katikati ya usiku inaweza kuvuruga hesabu nzima.

Kaktasi yangu ni ya kundi la wanaotaka usiku mrefu. Inataka giza lisilokatizwa, masaa 12 na zaidi, kwa wiki kadhaa, ndipo itengeneze machipukizi ya maua. Sasa fikiria Nairobi. Tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hapa ni dakika kama 9. Tisa! Mwingereza anapata masaa. Kwa mmea unaosoma kalenda kwa giza, Nairobi ni kitabu chenye ukurasa mmoja.

Lakini kuna mlango wa nyuma, nao ni baridi. Usiku ukishuka hadi nyuzi 10 au 13 hivi, kaktasi hii inaweza kuchanua bila kujali sana urefu wa usiku. Na Nairobi inafika huko Juni na Julai. Hivyo mmea uliozoea kusoma giza ukasoma baridi badala yake, ukachipua Julai, ukachanua Agosti. Hakuna aliyeufundisha.

Kilichobaki ni kueleza miaka yangu minne ya aibu. Mbele ya dirisha langu kuna mulika mwizi. Unaijua: ile nguzo ndefu yenye taa sita, inayofanya usiku wa manane uonekane saa nane mchana na kuku wa ploti wawe na msongo wa mawazo. Inaingia hadi kitandani kwangu. Nililala nimefunika macho na fulana, na sikuwahi kufikiria kwamba aliye dirishani naye anajaribu kulala. Ndani pia kuna joto la jiko na la mimi mwenyewe. Kwa hiyo mmea wangu hakuwahi kuona usiku wala baridi, mpaka landilodi aliponunua rangi.

Mara mbili tatu stima ilipotea mtaa mzima kwa siku mbili. Nilikuwa nalalamika kwenye grupu ya ploti kama wengine wote. Lazima mmea ulikuwa unaomba ikae hivyo.

*

Mzungu, basi.

Miaka ya 1990 Mama alifanya kazi za nyumbani Lavington, kwa bibi mmoja mzee wa Kiingereza. Sisi tulikaa Kangemi, yeye anapanda kilima asubuhi na kushuka jioni. Kaktasi ilining'inia kwenye veranda ya bibi huyo. Kila Agosti ikichanua, bibi anasimama chini yake na kuwaambia wageni kwamba mmea umechanganyikiwa, kwamba nyumbani ungechanua Krismasi. Mama ananyunyizia maji, ananyamaza.

"Mimi nilikuwa naona iko sawa tu," Mama akaniambia. "Ilikuwa inachanua vizuri kabisa."

Siku moja upepo uliangusha vipingili vitatu. "Vilikuwa sakafuni. Kazi yangu ilikuwa kufagia. Nikafagia." Akavifunga kwenye leso, akatia kwenye mkoba. Getini askari alikuwa na amri ya kukagua mikoba ya wafanyakazi wote wakitoka. Akafungua leso. Akacheka, akamuuliza anaenda kupika mboga gani. Lakini alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa kinasomwa, basi akaandika. Mwisho wa mwezi Mama alikatwa shilingi 100. Za maua, aliambiwa. Vipingili alibaki navyo kwa sababu hakuna aliyeviuliza.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Akasema kulikuwa na nini cha kuambia. Kisha baada ya kimya: "Huyo mama ndiye alimnunulia dada yako miwani." Ni kweli. Ile miwani dada yangu aliivaa hadi kidato cha pili. Mama aliendelea kufanya kazi pale miaka miwili zaidi.

Nimejaribu kuwa na haki kwa Gardner. Hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti akihesabu faida. Alitembea Brazili miaka mitano, na aliondoka 1841. Baadaye akasimamia bustani ya Peradeniya kule Sri Lanka, akafa huko 1849 akiwa bado hajafika miaka 40. Alipenda mimea kwelikweli. Lakini kila nikimsoma anapanda mlima ule na kushuka na mzigo, namtafuta askari getini. Namtafuta mtu mwenye kitabu, anayeandika: vipingili, kadhaa. Hayupo. Kilichoandikwa ni kwamba aligundua.

Na jambo lingine. Kaktasi hii ikipandwa kwa kipingili, haizai mtoto, inajiendeleza yenyewe. Chavua yake mwenyewe haiikubali. Bila mmea mwingine wa damu tofauti karibu yake haitoi tunda. Kwa hiyo ile ya veranda ya Lavington, ile ya mkebe wa Kangemi na hii ya Zimmerman si bibi, mama na binti. Ni mmea mmoja, mwili ule ule. Waliomkata Mama shilingi 100 walidhani wanalipwa kipande. Ulikuwa wote.

Niliuliza pia inakuwaje nilikulia na mmea huu Kangemi na sikumbuki maua. Mama akacheka. Agosti ilikuwa likizo. Likizo sisi sote tulikuwa tunapakiwa kwenye basi kwenda kwa Susu, Makueni. Maua aliyatazama peke yake.

*

Ukitaka kuipanda, ni rahisi. Shika pingili mbili au tatu, zungusha kidogo kwenye kiungo, zitaachana zenyewe. Usizipande siku hiyo. Ziache mezani siku moja au mbili kidonda kikauke, la sivyo zitaoza. Udongo mwepesi: mboji, mchanga, vipande vya makaa vilivyobaki jikoni. Chomeka kipingili cha chini nusu, maji kidogo, kivuli. Baada ya wiki tatu au nne ivute taratibu. Ikikataa kutoka, ina mizizi.

Usisikie neno kaktasi ukaacha kumwagilia. Hii si ya jangwani. Gusa udongo kwa kidole, juu pakikauka, maji. Lakini usiuache mkebe ukae ndani ya maji, mizizi itaoza kabla hujajua, na shina litalegea kama mtu mwenye njaa ukafikiri linataka maji zaidi. Hivyo ndivyo watu wengi huiua, kwa huruma. Jua la asubuhi ni sawa. La saa saba mchana linaifanya iwe nyekundu nyekundu, na hiyo si rangi ya afya. Machipukizi yakishatokea, acha kuihamisha. Niliwahi kuigeuza ili nipige picha nzuri, ikadondosha machipukizi manne kwa siku mbili.

Keateka nimempa vipingili vitatu. Dada yangu, vitatu. Mama alikataa, anasema Makueni usiku wenyewe ni joto, itakuwa majani matupu. Halafu juzi akapiga simu akauliza, kama si usumbufu, vile vitatu bado vipo?

Vipo. Tatizo langu sasa ni lingine. Mwezi uliopita wamesimamisha mulika mwizi ya pili, upande ule wa tangi. Kibaraza chote ni mchana sasa. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni naifunika kaktasi kwa katoni kubwa niliyoomba dukani, juu naweka tofali upepo usiichukue, na saa mbili asubuhi naifunua nikienda kazini. Jirani wa mlango wa pili ameshaniuliza kama nafuga kuku.